Mkono wa Kumwogesha Mjukuu

Kiharusi kilinikamata nikimenya viazi vitamu, binti yangu akiwa na mimba ya miezi sita. Mkono wa kulia ukalala. Huyo ndiye binti yangu wa pekee, na ilikuwa imeshasemwa kwamba atakuja kujifungulia kwangu, Kwihara, nami ndiye nitakayemwogesha mtoto. Nimeogesha vichanga vya nusu ya kitongoji hiki. Sasa wangu nitamwogesha kwa nini, kwa meno?

Kule hospitali ya Kitete, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mpole hadi anakera, alisimamisha kioo mezani katikati ya mikono yangu. Mkono mgonjwa ukae nyuma, usionekane. Mzima ukae mbele.

"Fumba na ufumbue huu mzima, mama, lakini macho yasitoke kwenye kioo. Ubongo utaona kama wa kulia ndio unaofanya kazi."

Nikamuuliza kama mimi ni mtu wa kudanganywa na kioo. Akacheka tu. Basi nikatazama, na mle ndani mkono wangu wa kulia ukafumba, ukafumbua. Nililia mbele yake, wala sikujificha.

Nyumbani mume wangu aling'oa kioo cha kabati la nguo, akakipigilia kwenye kibao. Asubuhi na jioni nilikaa hapo. Kidole gumba kikaanza kutikisika, baadaye nikaweza kushika kitambaa, lakini kopo la maji lilikuwa bado linaniponyoka. Tumbo la mwanangu lilikuwa linakwenda mbio kuliko mkono wangu. Akipiga simu kuuliza mkono vipi, nilimjibu, "Unaendelea vizuri, usinichoshe." Uongo mtupu. Niliogopa akijua ukweli ataenda kujifungulia kwa mama mkwe wake.

Akaja, nami nikauficha mkono chini ya kanga; akajifungua salama, mtoto wa kike. Walipotoka hospitali nilichemsha maji, nikachanganya na ya baridi, nikapima kwa kiwiko cha kushoto. Mume wangu akatupisha. Binti akamvua mtoto, akaninyooshea.

"Mpokee, mama."

Niliutazama mkono wenyewe, bila kioo. Ulikuwa umejikunja pajani. Akilini nikamwona mtoto, ana sabuni mwili mzima, akiteleza kwenda sakafuni.

"Siwezi," nikasema. "Nilikudanganya kwenye simu. Ataniponyoka."

Akamrudisha mtoto kifuani pake.

"Hata mimi naogopa, mama. Sijawahi kumwogesha mtoto mdogo hivi." Akasogeza kigoda chake mpaka kikagusana na changu. "Niambie wewe, nifanye mimi."

Nilimwonea uchungu, nikajionea na mimi. Mtoto alishaanza kulia kwa baridi.

"Kwanza shingo," nikasema. "Leta kiganja hapa chini ya shingo, na usikiondoe mpaka nikuambie."