Mkono wa Kukamulia

Mama yangu alikuwa na uvimbe mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, mgumu kama punje ya harage. Haukumsumbua mpaka akae kukamua. Hapo alishtuka kama aliyepigwa na umeme, vidole vikafa ganzi na maziwa yakamwagika. Pale kwetu Endasak, ng'ombe wetu mwekundu hakukubali mikono mingine. Mama aliogopa kuupoteza mkono ule kuliko alivyoogopa kufa, na alitamka hivyo waziwazi.

Mjomba, fundi wa kutumbua majipu ya ng'ombe, alikuwa ameshanoa kisu.

"Ni jipu tu hili, dada. Mara moja limekwisha."

Nilimkatalia kwa hasira. Nikaitwa msomi asiye na adabu, lakini kesho yake nilipanda basi na mama kwenda hospitali ya rufaa. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na vipimo vya namna hiyo tulivifuata mbali.

Daktari wa picha alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia mama shikamoo kwanza, ndipo akampaka jeli mkononi na kupitisha kifaa cha ultrasaundi. Alikitazama kioo muda mrefu.

"Mama, ni kazi gani inayokuumiza?"

"Kukamua."

"Basi nikamulie hapa hapa."

Mama akacheka, akakamua hewa. Kwenye kioo nikaona kitu kama uzi kikiteleza huku na huku, na uvimbe ukienda nacho.

"Umeota kwenye mshipa wa fahamu," alisema daktari. "Mtu angeutumbua huu, vidole vingelemaa."

Nilikikumbuka kile kisu cha mjomba. Kumwambia mgonjwa akamue mbele ya mashine! Namheshimu binti yule mpaka leo.

Alichora alama juu ya ngozi, na mpasuaji akaumenya uvimbe taratibu, mshipa ukabaki mzima. Walipoupima, haukuwa saratani.

Jeraha lilipopona, mama alibeba ndoo kwenda zizini. Mjomba, niliyekuwa nimemweleza maneno ya daktari, alikuwa amesimama pale.

"Kisu umekiacha nyumbani?" mama akamuuliza. "Haya, njoo ushike ndama."

Akakamua bila kushtuka mpaka povu likafika ukingoni. Kikombe cha kwanza akampa mjomba. Aliyanywa maziwa yale huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.