Vyura Wamenyamaza

Wiki iliyopita, bondeni karibu na Mlola, nilimkuta mama mmoja kwenye chemchemi. Ndoo yake tupu, kichwa kakiinamisha, anasikiliza.

"Shikamoo, baba. Umekunywa haya maji?"

"Marahaba. Nimekunywa nikashiba." Nimekunywa maji ya nchi nyingi; tumbo langu lina pasipoti.

"Vyura wamenyamaza tangu juzi. Wakinyamaza, sisi hatuchoti."

Kweli, bonde zima lilikuwa kimya, isipokuwa bomba la dawa ya wadudu kwenye kabichi juu yetu: fyuu, fyuu.

"Nani anapulizia?"

"Mume wangu." Akaigeuza ndoo, akaikalia. "Na chakula chake nitakipika kwa maji gani?"

Tumbo langu nimelizoea likinguruma. Tangu siku ile limenyamaza, nami nalisikiliza.