Upande wa Paa Usiopata Jua

Gustave alikuwa fundi wa mapaa tangu kwao Likasi. Hata alipofika Johannesburg akaishia kulinda geti la maghala kule Midrand, nyundo yake hakuiacha. Ndiyo maana bibi mmoja mgonjwa, mwenye nyumba kuukuu katika mtaa wa Bertrams, alimpa funguo kwa moyo mweupe. "Mnikalie tu, nyumba isianguke," alisema, kisha akaenda kuuguzwa kwa mwanawe, mbali na mji.

Jeannine, mkewe, alikuwa msusi wa nywele kando ya Joubert Park, na mambo ya mapaa aliyajua kwa kumshikia mumewe ngazi. Alijua kwamba adui wa mabati ya Bertrams si mvua peke yake, ni kipupwe. Mchana jua linalipasha bati linatanuka. Usiku baridi inalibana linasinyaa. Na katika kutanuka na kusinyaa huko msumari unajing'oa polepole, kama jino la mtoto. Kila Aprili Gustave alipanda kukaza misumari, kubadilisha mipira ya misumari iliyochakaa na kuziba matundu kwa lami. Na onyo lake lilikuwa moja. Asubuhi za Julai, upande wa kusini, ule usiopata jua, umande hugandia kwenye bati ukawa barafu.

"Huko hapakanyagwi kabla ya adhuhuri," alikuwa akisema. "Hata kama nyumba inaungua."

Julai ya mwaka 2016 upepo uliinua bati la upande huo, juu ya chumba cha watoto. Carmel alikuwa na miaka tisa. Chris, mdogo wake, alikuwa na miwili na kifua kibovu, na alipumua kwa filimbi mpaka kunakucha. Saa moja asubuhi Gustave alirudi kutoka kazini, macho mekundu. Jeannine hakumpa hata salamu.

"Baba Carmel, usilale kabla hujagongelea lile bati. Mtoto anakufa na baridi."

"Acha jua lipande kwanza, Mama Carmel."

"Hilo jua lako ndilo litamponya mwanangu?"

Gustave alimtazama kidogo, akavaa tena koti lake la ulinzi, akatoka. Jeannine alikuwa akikoroga uji aliposikia nyundo ikigonga mara tatu. Halafu ukasikika mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta gunia juu ya bati. Halafu kishindo uani.

Gustave aliishi siku mbili hospitalini, wala hakufumbua macho. Wakamzika hukohuko ugenini.

Waliokuja kumpa pole walisema kazi ya Mungu haina makosa. Jeannine aliitikia, amina, amina. Ila siku moja, wakiwa peke yao kibandani, alimwambia Denise, msusi mwenzake.

"Mimi ndiye niliyemuua."

"Usiseme hivyo, dada. Saa yake ilifika."

"Saa yake mimi ndiye niliyeitaja, Denise. Yeye alitaka kungoja."

Denise aliendelea kuchambua rasta. Tangu hapo Jeannine hakumwambia mtu mwingine.

Aprili iliyofuata alipanda mwenyewe. Majirani walimwona juu kule na kilemba chake, kopo la lami kiunoni, wakatikisa vichwa. Mchungaji Ruphin akamwita pembeni baada ya ibada.

"Mama, hameni. Ile nyumba si yenu hata."

"Nikihama, Mchungaji, basi alikufa bure."

Alilishika paa hilo vipupwe viwili. Lakini Desemba ya 2018, mchana kweupe, wingu jeusi lilitua juu ya mji na mvua ya mawe ikashuka, mawe makubwa kama mayai ya kuku. Haikufika robo saa. Ua wote uligeuka mweupe, na Chris, aliyeijua theluji kwenye televisheni tu, akakimbilia dirishani akipiga kelele, "Mama, snow! Snow!" Jeannine alikuwa ameinua uso. Dari ilishatoboka, na mwanga ulikuwa unapenya mahali ambapo haukupaswa kuonekana.

Kesho yake, jua lilipopanda vizuri, alipanda na lami. Alikuta mabati yamechanika kama karatasi. Aliziba tundu, akasogea, akaziba lingine, na kila alipogeuka aliona mengine. Ghafla mguu wake ukazama. Mbao iliyooza ilivunjika, akabaki amening'inia kwa viwiko, bati likimkata kwapani.

Chini, Carmel alikuwa ameshika ngazi. Msichana huyu aliyejibu kila kitu kwa Kizulu au Kiingereza, siku hiyo alilia kwa lugha ya mama yake.

"Mama, shuka! Ukianguka tutabaki na nani?"

Jeannine alijivuta, akashuka ngazi kidogo kidogo, akaketi uani kwenye tope la mawe yaliyoyeyuka. Hakupanda tena. Vijana wa kanisani walileta turubai, lakini mvua za Januari zililishinda. Dari ya chumba cha watoto ilianguka siku shule zilipofunguliwa. Wiki ile ile walihamia chumba cha ghorofa ya sita, Joubert Park, wametengwa na familia nyingine kwa pazia.

Mwezi wa Juni alipita Bertrams. Wanaume wawili walikuwa wakipakia mabati kwenye mkokoteni, kuyapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kenchi za paa zilibaki wazi kama mbavu.

"Unatafuta mtu, mama?" mmoja alimuuliza.

"Hapana," alisema, akaenda zake kusuka.

Jioni hiyo Chris alimuuliza kama nyumba ikishatengenezwa watarudi. Jeannine alimwambia nyumba imekwisha. Mtoto akalia mpaka akakohoa, na nyuma ya pazia mtu akaguna anyamazishwe. Jeannine alimpakata, akamwacha alie.