Neno Lililojaza Kinywa Ukweni

Jumamosi nilimsindikiza binamu yangu hadi Ahero kujadili mahari. Msemaji wetu, aliyechaguliwa kwa ajili ya Kiingereza chake, alirekebisha tai akatamka: "Wazee, binti yenu anastahili floccinaucinihilipilification!"

Wakapiga makofi. Neno hilo lina herufi I tisa, na maana yake ni kukiona kitu hakina thamani yoyote.

"Ndiyo nini hiyo, Bwana?" akauliza baba mkwe.

"Heshima isiyo na kipimo, Mzee."

Binamu yangu alipouona uso wangu, akanikanyaga mguu.

"Basi iandikwe kwenye kadi ya harusi," mzee akaamuru. "Kwa herufi kubwa!"

Kwetu, neno likishajaza kinywa, maana si lazima. Kadi zimetoka jana. Bibi harusi, aliyekuwa jikoni makofi yakipigwa, hufundisha Kiingereza. Hapokei simu.