Mitaa Mitano Nisiyoweza Kupita

Nakumbuka ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, nilipoitwa kuingia kwenye usaili katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha karibu na bandari. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi ilikuwa ya karani wa stoo, na niliitaka sana kwa sababu ilikuwa na mkataba. Sikuwa nimewahi kusaini mkataba.

Mwanangu, nilijiandaa. Shule yangu iliishia kidato cha pili kule Masasi. Mengine niliyapata kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara. Kimoja kilisema ukiulizwa kwa nini umebadili kazi mara nyingi, ujibu kwamba unatafuta changamoto mpya. Nikaliandika jibu hilo kwenye daftari. Nikalikariri wiki nzima nikiutazama ukuta wa chumba changu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsomea.

Mwenye ofisi aliitwa Bwana Mhando. Aliisoma karatasi yangu kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Kazi tano, zote Kariakoo, kwa miezi ishirini na miwili," akasema. "Kijana, wewe ni mfanyakazi au mpangaji?"

"Nilikuwa natafuta changamoto mpya, mzee."

"Kariakoo hukuziona?"

Karani wake aliyekaa pembeni aliinamisha uso kuficha kicheko. Bwana Mhando hakucheka. Aliisogeza simu ya mezani katikati yetu.

"Hapa kuna mabosi watano. Chagua mmoja nimpigie sasa hivi. Chagua wewe, yule anayekupenda zaidi."

Niliyatazama yale majina kama mtu anayesoma majina ya mitaa asiyoijua. Kazi zote tano niliziacha kwa namna moja: Jumamosi nilifunga duka na wenzangu, Jumatatu sikuonekana. Sikugombana na mtu wala sikuiba. Nilipata pengine penye nyongeza kidogo, nikaona aibu kusema, nikapotea.

"Hata mmoja?"

"Hapana, mzee."

Akanirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili, kwa adabu, jambo lililoniumiza zaidi. "Sikunyimi kazi kwa sababu ulihama," akasema. "Hata mimi nimehama. Nakunyima kwa sababu ulitoroka."

Nilitoka pale sina wa kumwambia. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na mimi nilikuwa nimekula hadi mitaa. Kila duka nililolitoroka lilinifungia mtaa mmoja wa Kariakoo. Nilikuwa siwezi kupita pale, nisije nikaitwa jina. Ilipofika kazi ya tano, kutoka sokoni hadi kituoni, mwendo wa dakika sita, nilikuwa nautembea kwa dakika ishirini na tano, kichwa chini, nikipinda kona zisizo na sababu. Ndani ya umati ule wa wachukuzi na wamachinga, mji wangu ulikuwa umebaki vichochoro vitatu.

Siku ile nilichoka kupinda. Nikanyoosha hadi Mtaa wa Sikukuu, kwa Mama Aneth, bosi wangu wa kwanza, mama wa Kirombo aliyeuza nyuzi na vifungo kwa jumla. Kila mchana tulikuwa tunakula sahani moja, yeye na mimi, juu ya boksi la zipu. Sikuwa nimemwona kwa miezi ishirini.

Fundi cherehani wa barazani pake ndiye aliyeniona kwanza. "Mama Aneth," akaita bila kusimamisha mguu, "marehemu wako kafufuka."

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kuhesabu vifungo hadi akamaliza pakiti. "Marahaba. Kumbe upo."

Nikadhani ni kejeli. Fundi ndiye aliyenieleza, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa amegeukia rafu. Jumatatu ile niliyopotea walisema naumwa. Jumanne Mama Aneth akaona kandambili zangu bado ziko chini ya kaunta, akasema mtu anayeacha kazi habakishi viatu. Huyu, akasema, kagongwa na gari. Akafunga duka saa nane mchana, yeye ambaye hakuwahi kufunga hata kwa mvua. Akaenda hospitali tatu.

"Ya tatu," Mama Aneth akasema, mgongo ukiwa kwangu bado, "wakaniuliza kama nataka kutazama na chumba cha maiti. Nikatazama. Nikawaona watoto wa watu. Wewe hukuwemo."

Mwanangu, siku zile zote nilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, nikipanga ndoo za plastiki.

"Sasa aga," akasema.

"Mama, niliacha kazi. Nilipata pa kuniongezea elfu kumi, nikaona aibu kukuambia."

Akageuka. "Elfu kumi tu? Ungesema ningekuongeza tano, na zile tano nyingine ungezifuata kwa amani."

Akazitoa kandambili chini ya kaunta. Zilikuwa zimefungwa kwa uzi.

Wiki ile nilikwenda na kwa wale wengine wanne. Mmoja alinifukuza, mmoja akanipa soda. Wawili walikuwa wameshanisahau jina, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Miezi miwili baadaye, kwenye usaili mwingine, nilisema hivi: nilihama mara tano kwa tamaa ya nyongeza ndogo, nikaondoka bila kuaga, nimerudi kuaga kwa wote. Nikataja namba ya Mama Aneth. Walimpigia nikiwa nimekaa palepale. Alichowaambia sikukisikia, ila nilisaini mkataba.

Kwa hiyo nakuambia, kijana unayeanza: kuhama si dhambi. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mbacha ukichakaa, ondoka. Ukiulizwa sababu, sema iliyo kweli kwa sentensi moja, na kosa lako liwemo. Usimseme vibaya bosi wa jana. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ila maneno yote hayo ni ya juu juu. Jibu la usaili hutungwa siku unayoacha kazi, pale unaposimama mbele ya mtu mliyekula naye na kumwambia naondoka. Ni dakika tano za aibu. Mimi nilizikwepa, nikalipa kwa miezi ishirini ya kutembea peke yangu.

Mungu akujalie mtu ambaye siku usipoonekana atafunga duka lake kukutafuta. Na akuepushe na kumtafutisha bure. Mama Aneth ameshatangulia mbele ya haki, na kila nilipotaka kumrudishia nauli ya siku ile alikataa. Nimeipigia hesabu mara nyingi: hospitali tatu, kwenda na kurudi, kwa nauli za wakati ule, ni shilingi elfu moja na mia mbili.