Majani ya Mlimau wa Mama

Baba alipopunguzwa kazi kiwandani, ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, maduka ya Morogoro mjini yalikuwa yamejaa kila kitu isipokuwa ajira. Alirudi nyumbani kwetu Bigwa, akakaa. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya adhana sasa alisubiriwa na chai mpaka ikapoa. Nilikuwa binti wa sekondari, tena mwenye hasira za karibu, na nilichukia kumkuta amelala saa tatu asubuhi.

Kilichomwinua ni viwavi. Aliwaona kwenye mche wa limau uliojiotea mtaroni, akawahamishia sebuleni ndani ya fremu ya dirisha aliyoifunika kwa chandarua kikuukuu. Ukiwagusa walichomoza vipembe vya rangi ya chungwa vyenye harufu kali.

"Baba watoto," Mama alisema, "wenzio wanafuga kuku."

Lakini viwavi hawali majani yaliyonyauka, kwa hiyo Baba akaanza kuamka. Asubuhi moja alinieleza sababu kabla hata hajanawa uso. Vichaka vya kando ya kijito kule mlimani, alikoona vipepeo wa kila namna utotoni, vilikuwa vimefyekwa kwa mashamba.

"Hawa wa limau wapo tele, hawanihitaji," alisema. "Najifunzia kwao. Nikishajua wale wa msituni wanakula mti gani, nitaupanda. Kufuga bila kupanda ni kujifurahisha tu."

Mche wa mtaroni ukaisha majani. Mlimau wa Mama, pale mlangoni, haukuguswa na mtu. Huo ndio uliotupa achari ya Ramadhani. Alikuwa ameununulia hata dawa ya wadudu, chupa haijafunguliwa, iko juu ya kabati. Baba akaenda kuomba kwa jirani. Jirani alitoa majani kwa moyo mweupe, akasahau kwamba mti wake alikuwa ameupulizia dawa juzi tu. Kufikia adhuhuri viwavi wote walikuwa wameanguka chini, weusi na walegevu.

Baba hakulaumu mtu. Kesho yake hakuamka, wala siku iliyofuata. Hasira zangu zote ziliniishia, nikabaki na woga. Nilidhani tumempoteza hivihivi, anapumua.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mama kwenye mlimau wake, anageuza jani mojamoja. Alivunja kijitawi, akaingia nacho chumbani. Kilikuwa na viwavi wachanga, kama vinyesi vya ndege.

"Baba watoto, amka. Wageni wako wana njaa. Majani uchume kwangu."

Baba aliketi, akakipokea kijitawi.

"Na ile dawa?"

"Nimeirudisha dukani."

Ramadhani ile tulifuturu bila achari. Daku, Baba ndiye aliyetuamsha.