Siku Nilipowatangaza Ngamia wa Mzee Guyo

Mpaka leo nikipita soko la mifugo hapa Isiolo huvuta kofia hadi kwenye nyusi, na bado mtu lazima aite, "Bwana Hesabu, leo unahesabu nani?" Basi acheni niwaeleze mwenyewe, kabla hamjaelezwa na wengine wakaongeza chumvi (ingawa chumvi yenyewe haihitajiki).

Niliacha shule darasa la saba, nikauza miraa, nikatengeneza redio, nikaendesha boda boda mpaka Gotu, na kote huko kazi yangu kubwa ilikuwa kuuliza maswali. Swali moja likazaa kampuni: kwa nini mfugaji aswage ngamia safari yote ile kuja sokoni na mnunuzi hayupo, wakati mnunuzi angeweza kuwaona kwenye simu kwanza? Nikamtafuta Halima, aliyekulia kwenye biashara ya mbuzi na anayejua kompyuta. Yeye akaunda programu, mimi nikawa mkurugenzi, yaani mtu wa kuongea.

Siku wawekezaji walipokuja kutoka Nairobi kuamua kama watatushika mkono, nikafanya uamuzi mmoja mdogo: nikakodi kipaza sauti.

"Mwenda, waonyeshe simu tu," Halima akasema.

"Wewe niachie mimi mambo ya watu."

Nikapanda nyuma ya pikapu, soko zima likanigeukia, nikamsimamisha mteja wetu wa kwanza, Mzee Guyo, na kwa sauti iliyofika hadi vibanda vya chai nikatangaza kwamba huyu mzee mnayemwona na koti lililochanika ana ngamia kadhaa (idadi yenyewe siirudii, nimejifunza).

Wazee wakainamisha vichwa. Mimi nikadhani wameshangaa, maana kwetu Meru ukimhesabia mtu migomba yake anakukatia ndizi, kwa hiyo nikarudia, nikaongeza na mbuzi. Kumbe kwa wafugaji wa huku mifugo ya mtu haitajwi idadi hadharani. Ni kama kuiitia kifo.

"Kijana, umeniulia mifugo!" Mzee Guyo akainua fimbo.

"Abba, samahani, ni hesabu tu..."

"Hesabu tu? Nikimvua baba yako nguo hapa, nitasema ni nguo tu?"

Hapo shemeji yake naye akapaza sauti kutoka katikati ya watu: "Guyo! Si ulituapia ukame umewamaliza wote?"

Soko likaangua kicheko, lakini wafugaji wengine hawakucheka, walimkimbilia Halima na simu zao, "Nifute, nifute kabla hajanifikia!" Wawekezaji wakaanza kuelekea kwenye gari lao, nami nikainama nikamnong'oneza Halima, "Tumekwisha, nifanye nini?" na soko lote likasikia.

"Zima hicho kitu kwanza!" akajibu, na hilo pia likasikika.

Jioni aliniambia wafugaji wamekubali kurudi kwa masharti mawili: programu ionyeshe mnyama anayeuzwa tu, na mimi nisiwe mbele. Niliumia, kampuni ile nilikuwa nimeipa jina mimi. Lakini nikimng'ang'ania mtoto mpaka akose pumzi, nitabaki na nini? Nikamkabidhi Halima kila kitu, na sasa inakwenda vizuri kuliko nilivyowahi kuota, jambo linalonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja.

Juzi nilikutana na Mzee Guyo barabarani, akiswaga kundi jipya.

"Mifugo salama, Abba?"

"Salama." Akasimama, akanitazama. "Huulizi ni wangapi?"

Nilitaka kujua jamani, nilitaka sana, nikatazama juu mawinguni mpaka ngamia wa mwisho akapita.